Risasi Iliyopaa Kabla ya Kuhesabiwa

Jumatatu, 3 Machi
Damu ya kaka imefika maabara. Miaka tisa anayeyusha betri kuukuu za magari, sasa vidole havifungi hata kifungo cha shati. Daktari anataka kujua ana madini ya risasi kiasi gani mwilini. Yakizidi, kazi aiache mara moja. Nimeomba kuipima mimi. Mama Miwani, mwenzangu wa meza ya pili, kasema apime mtu baki. Wivu tu! Mkuu wa maabara anatafuta msimamizi wa mashine ya kupimia, na huyo ni mimi.

Jumanne, 4 Machi
Kazi naijua kwa kichwa. Tone la damu ndani ya kimrija cha kaboni. Linakaushwa, linachomwa taratibu mpaka uchafu uishe, ibaki risasi iliyoshikana na oksijeni. Hiyo ndiyo oksidi. Halafu moto mkali ghafla: kaboni inaipokonya oksijeni, atomu za risasi zinabaki huru, zinameza mwanga wa taa, mashine inazihesabu. Lakini hiyo "taratibu" inakula muda! Nikapandisha moto wa kuchomea karibu mara mbili. Nimemaliza Mama Miwani hajavaa hata glavu. Jibu: risasi kiduchu. Nikampigia kaka, nikamwambia yuko salama. Akacheka, akalia, akasema kesho anarudi kazini. Raha niliyonayo!

Jumatano, 12 Machi
Kaka kaanguka mbele ya tanuri. Mama Miwani kaipima upya damu iliyobaki, kwa moto wa kawaida. Risasi tele! Kanieleza polepole kwamba moto wangu uliipeperusha risasi mapema, mashine ikahesabu kimrija kitupu. Nikaenda chooni kulia.

Ijumaa, 14 Machi
Wodini. Shemeji hakuitikia salamu yangu. Mkono wa kulia wa kaka umelala kabisa. Akamwambia mkewe asinilaumu, mdogo wake ana kichwa, kakosea tu. Heri angenitukana! Wiki nzima kavuta moshi ule kwa neno langu. Moyo unaniuma, siwezi kula.

Jumatatu, 17 Machi
Nimeondolewa kwenye mashine. Naosha chupa za kuwekea damu. Eti kila chupa ilowe kwenye asidi siku nzima, isibaki chembe ya risasi ya kuongezea hesabu. Siku nzima! Mama Miwani anazitaka kesho asubuhi, kwa damu mpya ya kaka. Nimeziloweka nusu saa, nikazifuta kwa kitambaa. Zinang'aa! Mkuu mwenyewe atanirudisha.