Nilivyomchora Mama Mkwe kwa Kompyuta

Jumatatu, 3 Agosti 1998
Mtaani kwetu Nyasho. Hyasinta, fundi cherehani jirani yangu, kanionyesha picha pekee ya marehemu mama yake. Imepauka, ina mkunjo katikati. Anaogopa itafutika kabisa. Danford, mwandika mabango, akajipendekeza kwamba yeye anaweza kuichora kwa penseli. Nikamwahi. Nikasema mimi nachora tangu utoto. Uongo mtupu. Tangu utoto sijachora hata kuku akatambulika. Lakini Hyasinta kanikabidhi picha mimi, siyo Danford.

Jumanne, 4 Agosti
Mtaa wa Mukendo, kwa binamu yangu Pastory, mpiga chapa. Ofisini kwao wamenunua kompyuta, na ndani yake kuna programu ya kugeuza picha kuwa mchoro. Akabonyeza hapa, akabonyeza pale, mama wa watu akatokea kwa mistari ya penseli. Kabla ya kuchapa, umeme ukakatika. Jioni Hyasinta akauliza nimefika wapi. Nikamjibu msanii haharakishwi.

Alhamisi, 6 Agosti
Umeme umerudi. Balaa! Kompyuta haijui pua ni ipi na mkunjo ni upi, vyote imechora. Mama ana mstari mweusi kutoka paji la uso hadi kidevuni. Pastory anasema kufuta bado hajajifunza. Nikajipaka penseli vidoleni nifanane na mchoraji, nikaenda hivyo hivyo.

Hyasinta aliufuata ule mstari kwa kidole, polepole. Akasema, "Baba alikuwaga anaikunja picha anaiweka kwenye kofia, akienda ziwani. Hata huo mkunjo umeuona." Akalia. Nami nikalia, mwizi pamoja na mwenye mali. Nampenda huyu dada, basi. Ningesema ukweli palepale, ila akanialika Jumapili kwao Kiriba nimchore baba yake pia. Baba mwenyewe, mzima, kakaa kitini!

Jumamosi, 8 Agosti
Mazoezi. Nimemchora Pastory. Hatusemeshani.

Jumapili, 9 Agosti
Mzee Masatu, baba yake Hyasinta, alivaa koti lake la kanisani, akatulia. Nilichora mpaka jasho. Akaitazama karatasi kwa heshima, akauliza kama huyu ni yeye au ni gunia la dagaa. Hyasinta akacheka mpaka akakaa chini. Kumbe alijua tangu Alhamisi. Nilijipaka penseli mkono wa kulia, na mtaa mzima unajua mimi ni mtu wa kushoto. Nikaungama habari ya kompyuta. Akasema mchoro atabaki nao hata hivyo. Ati aliniona nikirudi na picha ya mama yake nimeibeba kwa mikono miwili, na hilo halijatoka kwenye kompyuta.

Tukala sato na ugali wa muhogo. Moyo mweupe. Nikaapa kimoyomoyo, uongo basi.

Tukinawa, mzee akauliza, sasa kijana, kazi unayoijua kweli ni ipi. Akaongeza kwa huzuni kwamba injini ya mtumbwi wake haiwaki. Nikamwambia, shaka ondoa, baba, mimi ni fundi injini, Jumatano nakuja na vifaa.

Sasa natafuta mtu wa kuniambia hivyo vifaa vinaitwaje.