Undugu wa Sindano

Jumatatu, 2 Septemba 1957

Siku kubwa! Niandike kabla furaha haijapoa.

Asubuhi Daktari Verlinden amewaita wasaidizi wote wa labo yake hapa Bukavu. Wote, maana yake mimi na Adalbert. Amesema seramu yetu dhidi ya sumu ya nyoka iko tayari. Tarehe ishirini na tatu watakuja wakubwa kutoka Léopoldville, pamoja na wajumbe wa wachimba dhahabu wa Luhwindja. Hao wachimbaji wanaumwa na nyoka kila mara, lakini sindano yetu wanaikataa. Wanasema damu ya farasi haiwezi kuingia ndani ya mtu ikakaa kimya. Ujinga mtupu! Kwa hiyo mmoja wetu atachomwa seramu mbele yao, wamwone akitabasamu. Na mwaka ujao mmoja wetu atakwenda Ubelgiji kujifunza kazi ya seramu. Daktari hakusema kwamba ni mtu yule yule. Lakini mimi si kipofu.

Adalbert naye si kipofu, ingawa anavaa miwani. Ni vioo vya kawaida tu vile, kama vya dirisha. Anaivaa ili afanane na mtafiti.

Mimi sihitaji miwani. Nitakuwa mtafiti wa kweli. Nitagundua seramu ya malaria, ya kifaduro, na ya wivu wa Adalbert. Nimemwambia mke wangu Georgette wakati wa chakula cha mchana. Kufika jioni mtaa wetu wote wa Kadutu unaniuliza kama nina koti la baridi.

Tatizo liko moja. Naogopa sindano. Kuwachoma wengine sina shida. Kuchomwa mimi, natafuta mlango.

Jumatano, 4 Septemba

Nimepata mpango, na ni mzuri mno. Shuleni kwa Mapadre nilishinda mitihani yote kwa kurudia. Katekisimu, kurudia. Mito ya Ubelgiji, kurudia. Basi tabasamu nalo litarudiwa! Nikichomwa mara moja kwa siri, mbele ya wageni itakuwa mazoea. Adalbert atatetemeka, mimi nitasimama kama sanamu ya mfalme.

Daktari alipokwenda kula, nimechukua chupa moja ya seramu katika friji. Nimejichoma pajani mbele ya kioo ili niuone uso wangu. Tabasamu la kwanza limetoka baya sana. Lakini sikuanguka.

Nimeinua macho. Baron alikuwa dirishani.

Baron ndiye farasi wetu. Ni mweupe, mzee, zamani alikuwa wa mzungu mmoja wa mashamba ya kahawa. Tunamchoma sumu ya nyoka kidogo kidogo, mwili wake unatengeneza kinga, halafu tunamtoa damu shingoni na kuichuja. Kwa hiyo kilichoingia pajani mwangu kimetoka shingoni mwake. Jicho lake la kushoto limefunikwa na utando, halioni kitu tangu miaka. Kwa jicho hilo hilo alikuwa ananitazama.

Nimefunga pazia.

Jumatatu, 9 Septemba

Mushagalusa, anayemlisha Baron, amekuja kulalamika. Anasema jana Jumapili farasi alisimama siku nzima akielekea Kadutu. Hakula. Akimgeuza, anarudi vilevile. Ameniuliza mimi msomi, kuna nini Kadutu? Nimemjibu kwamba farasi hufuata upepo.

Kadutu kuna mimi.

Georgette ananiangalia vibaya. Anadai asubuhi amenikuta nimelala nimesimama nyuma ya mlango, kichwa chini, napumua kwa pua. Nimemwambia watafiti hulala namna hiyo. Kusema kweli sikumbuki kutoka kitandani. Tena nimelamba chumvi ya jikoni mpaka kibakuli kimebaki kitupu. Ni joto tu, lazima.

Mbwa wa jirani hanibwekei tena. Ananifuata kimya, kwa mbali, kama anayechunga.

Jumamosi, 14 Septemba

Nimevimba! Shingo, midomo, viwiko. Mwili mzima mapele yanayowasha kama upupu. Magoti hayakunjiki. Homa. Nimejifungia nyumbani, nimetuma habari kwamba nina mafua.

Jibu limeletwa na Mushagalusa mwenyewe. Hakuja kunipa pole. Alikuwa anamtafuta mtu wa kumwambia kwamba Baron amelala chini tangu jana, amevimba shingo na midomo, na magoti hayakunjiki. Kisha akaniona uso. Alirudi kinyumenyume hadi barabarani.

Georgette amemleta shangazi yake, Maman Séraphine, aliyekuja mjini kutoka Luhwindja kuuza maharagwe. Nilikuwa sitaki. Mimi ni mtu wa labo, nasoma gazeti. Lakini mama huyo ukimnyima jibu anakaa tu anakutazama, na leo sina nguvu za kutazamwa. Nimemweleza yote.

Hakucheka. Aliyagusa mapele yangu moja moja, kisha akasema, “Mukwe, weye ulichanja cihango na nyama?”

Nyama, kwake, ni mnyama, yaani Baron; na cihango, kwetu Bashi, ni undugu wa damu. Watu wawili wanachanjwa, kila mmoja anakunywa damu ya mwenzake, na kuanzia hapo ni ndugu kupita wa tumbo moja. Nimemweleza kwamba seramu si damu, ni maji ya damu yaliyochujwa. Ameniuliza kama Daktari aliichuja mpaka farasi akatoka. Swali la kijinga! Nimeliandika pembeni mwa gazeti nisilisahau.

Kinachomsumbua ni kwamba hatukusema maneno. Wanaochanjiana wanaapa. Sitakunyima chakula changu. Sitakataa cha kwako. Sitakukana mbele ya watu. Nikikukana, cihango kinipate. Anasema tusiposema sisi, damu inajisemea. Kwa hiyo niende nimpe farasi chakula kwa mkono wangu, na siku yoyote nisimkane. “Damu haisahau,” akasema. “Mutu njo anasahau.”

Nimemshukuru kwa heshima. Alipotoka nikacheka, ila midomo iliuma.

Jumanne, 17 Septemba

Nimepona! Mapele yameisha. Magoti yanakunjika. Baron naye amesimama, amekunywa maji. Mambo yamegongana tu.

Hata hivyo nimempelekea mkate. Si kwa sababu ya Maman Séraphine. Ni kwa ajili ya utafiti. Ameupokea taratibu kutoka mkononi, na mimi nimesikia ladha ya mkate mdomoni mwangu. Sikuwa nimekula kitu.

Adalbert amenikuta pale. Ameuliza kama naungama. Nimemwambia afute miwani yake.

Alhamisi, 19 Septemba

Nimeharibikiwa! Hapana, ngoja. Nifikiri.

Daktari amepanga sherehe ya Jumatatu. Ameeleza kwamba atakayechomwa ni lazima awe hajawahi kupata seramu ya farasi maishani. Mara ya kwanza mwili unaipokea kama mgeni. Unavimba kidogo baadaye, labda, kisha unakaa kimya. Lakini unaiweka moyoni. Mara ya pili ukiikuta unaitambua, unainuka wote kwa hasira, na mtu anaweza kufa kabla hujaweka sindano mezani. “Mwili hukumbuka,” amesema.

Nilisikia baridi. Nani alisema hivyo hivyo Jumamosi nyumbani kwangu, akiwa na vumbi la maharagwe mikononi?

Adalbert, mjinga yule, ameinua mkono papo hapo. Amekiri kwamba utotoni alikanyaga msumari huko Sange na masista walimchoma seramu ya pepopunda, nayo ni ya farasi. Hafai. Amefuta jina lake mwenyewe! Daktari akanigeukia. Na wewe, Télesphore?

Nilitaka kusema. Shahidi ni Mungu, nilifungua mdomo. Lakini niliona meli, nikaona koti la baridi, nikamwona Georgette akiwaaga majirani. Nikasema sijawahi. Nikasema farasi namjua kwa macho tu.

Nje Baron akalia. Si mlio wa farasi. Ulikuwa mlio mmoja mrefu, kama mtu aliyeitwa kwa jina lisilo lake. Kalamu ya Daktari ilianguka. Adalbert akavua miwani, akaniangalia kwa macho yake halisi, nayo yalikuwa na huruma. Hilo limeniudhi kuliko yote.

Jumamosi, 21 Septemba

Nimefikiri vizuri. Seramu niliyojichoma ilikuwa chupa moja tu. Mwili ulikuwa na kazi nyingi wiki ile, huenda haukuona. Tena sisi Bashi tuna miili migumu.

Nimekwenda kumpa Baron mkate, tumalize maneno. Ameula. Lakini alikuwa analia jicho moja, lile bovu. Nimelifuta kwa leso yangu. Nilipofika nyumbani Georgette ameniuliza kwa nini nalia upande mmoja.

Naogopa. Naandika hapa kwa sababu hakuna pengine pa kusema. Naogopa sana, na Jumatatu nitakwenda.

Ijumaa, 27 Septemba. Hospitali

Niko hai. Nimeruhusiwa kukaa na mto mgongoni na kalamu.

Jumatatu ilianza vizuri. Nilivaa tai. Wakubwa wa Léopoldville walikaa mbele, wachimbaji wa Luhwindja nyuma, kofia magotini, na Georgette mlangoni. Daktari aliuliza tena, kwa Kifaransa na kwa Kiswahili, wote wasikie, kama nimewahi kupata damu ya farasi. Nikajibu kwa sauti ya shuleni. Kamwe. Huyu mnyama na mimi hatujuani.

Akachoma. Nikatabasamu. Tabasamu zuri ajabu, wamekiri wote! Ila halikudumu.

Kwanza viganja viliwaka moto. Kisha koo likafunga kama mlango. Nilisikia mchimbaji mmoja akisema taratibu, “Ile damu iko namukatala,” yaani inamkataa. Halafu sikuwa na pumzi.

Sasa naandika kitu ambacho sijamwambia Daktari. Sikuona giza. Niliona labo, lakini kutoka nje, dirishani, kwa juu kidogo, na upande mmoja tu. Upande wa pili palikuwa peupe kama maziwa. Nilikuwa nimesimama imara, kwa miguu mingi. Ndani kulikuwa na mtu sakafuni, amevimba uso, na Adalbert amepiga magoti anamfungua tai na kuita jina lake. Nilimtazama mtu yule. Nilimhurumia kidogo. Tai yake ilikuwa imepinda. Niliona hata mahali kamba ilipokatika, na nikajua ni mimi niliyeikata.

Kisha mtu wa sakafuni akavuta pumzi, nami nikawa yeye.

Daktari alinichoma dawa ya kuamsha moyo, nayo ilifaa. Georgette ameniambia mengine. Anasema Baron alikata kamba, akaja dirishani, akaweka paji la uso kwenye kioo. Nilipoacha kupumua, akaanguka chini. Nilipovuta pumzi, akainuka. Wachimbaji wa Luhwindja walisimama pamoja, wakavaa kofia, wakaondoka bila kuaga. Hakuna hata mmoja atakayekubali sindano, na si ajabu msituni watu watakufa kwa sababu ya tabasamu langu. Hilo Georgette amelisema akiwa amenipa mgongo. Limeniuma, nimelilia.

Daktari alipokuja nimemwambia ukweli wote, isipokuwa dirisha. Hakupiga kelele. Amesema anayekwenda Ubelgiji ni Adalbert. Mimi nitamlisha Baron, maana Mushagalusa amekataa kurudi na farasi hakubali mtu mwingine.

Adalbert ameniletea machungwa. Ameniambia bila yeye kuwahi kuilegeza tai yangu ningekufa. Ni kweli. Sitamsamehe.

Alhamisi, 3 Oktoba

Habari njema! Daktari anaandika makala kuhusu ajali yangu kwa jarida la wenzake wa Ulaya. Mimi nimo. Naitwa “mgonjwa T.” Adalbert atafika kule na kukuta tayari wananisoma! Kazi yangu ya utafiti imeanza, ila imeanzia upande wa pili wa sindano.

Jumapili, 6 Oktoba

Mvua. Jana wameleta nyumbu kutoka upande wa Sange, si yule wa porini bali wa kubeba mizigo, kijana, kahawia, mwenye masikio ya punda. Daktari anasema watu ambao miili yao imeikataa seramu ya farasi wanahitaji seramu ya mnyama mwingine. Atajaribu kuitengeneza kwa nyumbu. Baadaye, wageni watakaporudi, atatafuta mtu wa kuchomwa mbele yao, mtu ambaye farasi amemshinda. Nani huyo katika Bukavu nzima? Mimi! Mimi peke yangu! Na kama kuna safari ya pili ya Ubelgiji, nani atapewa?

Nimemwambia Maman Séraphine, ili ajue mukwe wake hajafa bado. Ameacha kuchambua maharagwe. “Na ule nyumbu,” akauliza, “mama yake iko nani?”

Nimemjibu kwamba baba ni punda, mama ni farasi, na sayansi haiulizi mambo ya ukoo.

Safari hii sitakosea. Kosa lilikuwa kurudia kwa pupa, chupa nzima. Nitaanza na tone moja, likifuatiwa na tone, mwili uzoee polepole bila kushtuka. Damu ya kwanza ya nyumbu itatolewa Jumatano, ya kupimwa. Daktari atakwenda kula kama kawaida. Sijamwambia mtu.

Jioni nimempelekea Baron mkate wake. Amenusa mkono wangu muda mrefu. Kisha amegeuza kichwa akatazama ukuta, na mkate ukabaki mkononi. Tangu nianze kumlisha hajawahi kukataa.

Labda hana njaa. Mkate nimempa nyumbu, ameupokea kwa adabu sana.