Pawasaplai Niliyoipakia Lumbesa

Jamani wa darasa letu, leo nimeadhirika. Tena mbele ya kwaya nzima, sare zimepigwa pasi.

Naandikia kwenye kafe ya intaneti hapa Mbugani, maana kompyuta yangu ni marehemu. Nasimulia mwenyewe kabla hamjasikia kwa wengine (Kyela mnaijua, habari inafika Ikolo hata hujafunga mlango).

Mnakumbuka kile chumba changu cha kuchapa barua? Chumba ni cha kaka Ambakisye, mnunuzi wa mpunga. Mwezi mzima wimbo wake ni mmoja: "Lusajo, hicho chumba nakihitaji kwa magunia. Ukikosa kazi ya maana, naweka mpunga." Na kaka akisema anaweka, anaweka.

Kazi ya maana nikaipata! Kwaya ya Ikolo walitaka kurekodi nyimbo zao kwenye CD bila kusafiri mpaka Mbeya. Nikamwambia kiongozi wao, Mama Subilaga, "Njooni kwangu, mitambo ipo." (Haikuwepo.)

Basi nikaanza kuinenepesha kompyuta yangu kuukuu. Nikaipa ubao mama mpya na prosesa mpya. Nikaongeza hadi diski ya pili, mashine ya kuchoma CD, na feni mbili kwa ajili ya hili joto letu. Kitu kimoja tu sikukigusa: pawasaplai, lile sanduku la bati kule nyuma linalogawa umeme kwa vyote hivyo.

Mzee Athumani, aliyeniuzia hivyo vifaa, aliniuliza, "Mwanangu, umejumlisha wati za vitu vyote hivi? Sanduku lako la zamani litaviweza?"

Nikajua tu, mzee anatafuta kuniuzia na sanduku. Nimekulia kwenye magunia mimi! Gunia lina kipimo chake, lakini kaka analishindilia mpaka mdomoni, kisha anashonea kofia ya kamba juu, linabeba na nyongeza kwa bei ile ile ya gunia moja. Ndiyo lumbesa hiyo, na sijawahi kuona gunia likilalamika. Nikamjibu, "Mzee, wati zilizoandikwa ubavuni ni maandishi tu. Litabeba."

"Haya, baba," akasema, akanifungia mzigo wangu.

Leo asubuhi kwaya wakaingia. Chumba kikajaa mpaka besi wakasimama nje dirishani. Mama Subilaga kaniletea mkungu wa ndizi. Kaka naye akaja kuona, akaegemea mlango, mikono kifuani.

Wakaimba. Jamani, waliimba! Mimi mwenyewe macho yalilowa. Kompyuta ikarekodi wimbo mzima bila kukohoa. Nikamtupia kaka jicho la "unaona sasa?"

Ikabaki kuchoma CD. Mama Subilaga akasogea, akaonyesha kule nyuma. "Mwanangu, mbona hapa panachoma mkono?"

Hapo ndipo nilipopaswa kunyamaza. Badala yake nikapaza sauti hata wa dirishani wasikie: "Usijali, mama! Hilo sanduku nimelipakia lumbesa!"

Kwaya wakatazamana. (Nikadhani wamevutiwa.) Nikabonyeza.

CD ikaanza kuzunguka. Feni zikashusha sauti, mmm, kama mtu anayesinzia. Kisha PAA! Cheche, moshi, giza kwenye kioo. Harufu ya waya ulioungua mpaka barabarani.

Nilipopata fahamu zangu nilikuwa nyuma ya Mama Subilaga, nimeshikilia sare yake kwa mikono miwili, nimefumba macho. Yeye hakuwa ametikisika hata kidogo. Soprano mmoja akaanza kucheka, wakamfuata wote.

"Lusajo," akasema Mama Subilaga kwa upole, "kwa nini limepasuka?"

"Nimelizidishia, mama."

"Lilikuwa na kipimo chake?"

"Lilikuwa nacho. Kimeandikwa ubavuni."

"Na wewe ukashindilia."

"Nikashindilia, mama."

Hapo akanigeuzia mgongo, akamtazama kaka pale mlangoni. "Ambakisye, umemsikia mdogo wako? Hata bati linakataa. Sisi miaka yote unatushindilia mpunga wetu, tunakwenda nyumbani tumenyamaza."

"Amina!" kwaya ikajibu. Kwa sauti nne!

Kaka akatazama dari. Dari haikumsaidia.

"Wimbo tutakuja kuurudia," akaendelea mama. "Lusajo aweke sanduku la kutosha. Na wewe mpunga wetu ununue gunia likiwa bapa, bila kofia. Ukikataa, wimbo tunaupeleka Mbeya, na mpunga unafuata huko huko."

Nikamtazama kaka. Chumba changu kilikuwa kinaning'inia kwenye ulimi wake. Akashusha mikono.

"Sawa, mama. Bapa."

"Ndaga fijo," akashukuru Mama Subilaga kwa Kinyakyusa, akaokota mkoba wake. Besi wakaanza kuimba njiani, tena ule ule wimbo uliopotea.

Nimetoka kwa Mzee Athumani sasa hivi. Tumejumlisha wati pamoja, kimoja kimoja, tukachukua sanduku linalozidi kidogo. Alijifanya anafunga mzigo, ila mabega yalikuwa yanatikisika kwa kicheko. Chumba bado ninacho. Kaka hanisemeshi tangu mchana, na ndizi za mama amezibeba zote.

Najua mtacheka. Chekeni basi, ila nawaomba iwe bapa, bila kofia.