Stahamala Mbele ya Sinia

Jumatatu, 6 Oktoba
Mzee Wakil wa Kiembe Samaki kaipokea barua yangu ya posa. Hajajibu. Kamwambia dada yangu Nassra kwamba bintiye Mwatum kaposwa na watu wawili, mimi na Machano fundi friji, na atampata mwenye stahamala. Nassra kaniuliza kama nnajua maana yake. Mimi, Pandu! Nimemwambia ni kuizuia nafsi inapotaka kitu, basi aniache nimalize sambusa. Kumbe za kuuza. Kanuna.

Jumatano, 8 Oktoba
Neno tamu hili! Leo nimelitumia mara kumi na moja. Muuza kahawa kaninyima kashata ya tano, nikamwambia awe na stahamala. Kaifunika sahani yake. Watu hawajui lugha.

Habari kubwa: Ijumaa baada ya sala, Mzee Wakil ana akiki, karamu ya mbuzi wa kumchinjia mjukuu. Tumealikwa mimi na Machano. Mtego huo! Tutakalishwa naye sinia moja, nyama katikati juu ya pilau, aone nani ataichokoa kabla mkubwa hajaigawa. Hila nshaipata. Nitashiba nyumbani kwanza.

Ijumaa, 10 Oktoba
Asubuhi nimekula kwa Nassra bakuli mbili za urojo na mishkaki sita. Kuinama siwezi.

Nimemwamkia Mzee shikamoo ya adabu kabisa. Sinia likaja. Yarabi, mbuzi yule! Machano kala pilau ya upande wake tu, kimya. Mimi nikadonoa punje. Mzee akanigawia nyama, nikaisogeza kando. Mzee akasema, kijana huyu ana stahamala. Nyuma ya pazia niliuona mtandio wa Mwatum.

Ningenyamaza hapo, ningekuwa mume wa mtu. Lakini Machano hakushtuka! Anatafuna tu. Roho ikaniuma, nikamwuliza kama kasikia. Akajibu naam. Naam kavu! Nikamwambia asidhani ni kazi rahisi, wenzake tumejiandaa tangu asubuhi, urojo bakuli mbili na mishkaki sita, ndio maana tunaweza kuitazama nyama ile bila kuigusa.

Nyuma ya pazia mtu akacheka mpaka akapaliwa. Mzee akaichukua ile nyama yangu, akampa Machano. Nikaona yashaharibika, nikazinyakua mbavu zilizobaki.

Jumapili, 12 Oktoba
Barua imerejeshwa. Machano kakubaliwa. Nimelia, sifichi. Mwatum nnampenda tangu utotoni, tulipokuwa chuoni tukisoma juzuu. Nassra kaniletea chai, kasema nijifunze kufunga mdomo. Kwa chai hiyo nimekula maandazi yake manane.

Jumanne, 14 Oktoba
Nimefikiri sana. Kosa langu nimeliona: sikueleza vya kutosha! Nimemwandikia Mzee Wakil kurasa saba juu ya maana ya stahamala, mifano yote yangu mwenyewe. Nassra kaniomba nisubiri japo wiki moja. Wiki! Nnaipeleka mwenyewe sasa hivi. Ni saa saba, watakuwa wanapakua.

Na leo sijala kitu.