Skrini Iliyomnenepesha Mama Mkwe

Gazeti la siku hiyo lilikuwa na habari moja tu iliyostahili kusomwa kwa sauti, na Marehemu akaisoma: kuanzia mwezi ujao wananchi hawatajaza tena fomu kwa mkono. Kompyuta za serikali zitaandika barua zote zenyewe, kutoka kwenye kumbukumbu zilizohifadhiwa.

"Tumekwisha," akasema, akalikunja gazeti.

Jina lake linahitaji maelezo. Ni karani mstaafu, mzima wa afya, anapanda ngazi bila kushika ukuta. Lakini kila mwaka hupokea barua kutoka ofisi ya pensheni inayoanza hivi: "Marehemu, unatakiwa kufika wewe mwenyewe kuthibitisha kwamba uko hai." Kila mwaka hufika. Hulikata neno lile kwa kalamu nyekundu mbele ya karani wa dirishani, karani huomba radhi, na mwaka unaofuata neno hurudi. Imekuwa mara saba. Sisi wa benchi la kahawa tuliona ni heri kukubaliana na serikali.

"Unalalamika nini, Marehemu?" Wembe alisema. Wembe ni kinyozi wa mlango wa pili. "Wenzako wakifa hawaandikiwi hata salamu."

"Na maiti gani hii inayomaliza vikombe vitatu kabla ya saa tatu?" akauliza Mama Birika, muuza kahawa wetu.

"Maiti yenye usingizi. Ongeza."

Hapo mlango wa studio nyuma yetu ukafunguka kwa kishindo. Akatoka Fleshi, mpiga picha, amevaa ile fulana yake ya mifuko kumi, mikono kichwani.

"Amenenepa tena!"

Hatukuuliza nani. Jana yake mama wa mchumba wake alikuja kutazama picha za familia zilizopigwa Jumapili. Fleshi alikuwa amefunga skrini mpya, pana, na skrini ile ikamvuta kila mtu kwa upana. Mama wa watu akajiona amejaa kama mlango wa ghala. Hakupiga kelele. Alisema kwa upole, na upole huo ndio uliotutisha: "Mwanangu, nitarudi kesho saa nne na dada yangu. Nikijikuta vile tena, nitajua ndivyo unavyoniona. Binti yangu simpeleki kwa mwenye macho hayo."

Sasa ilikuwa saa tatu na robo.

"Mwonyeshe kwenye simu," Wembe akashauri.

"Anataka skrini ile ile iliyomtukana! Waya! Waya yuko wapi?"

Waya, fundi wa kompyuta, alikuwa nyuma yake, bisibisi sikioni.

"Jana uliniambia nini, Waya?"

"Nilikwambia kazi imekwisha."

"Uliwasha ukaona?"

"Fundi hajaribu, kaka. Fundi anajua."

"Basi njoo ujue tena!"

Tukaingia wote. Mama Birika aliacha mlango wazi ili aione kahawa yake. Kwenye skrini familia nzima ilikuwa imelala kwa upana. Hata mtungi wa maua ulikuwa na mashavu. Wembe alicheka mpaka akakaa chini.

"Tulieni," Waya akasema. "Kuna programu inayochora kila kitu mnachokiona hapa. Kabla haijaanza kazi inasoma faili moja, linaloiambia kwamba skrini ina upana gani na kimo gani. Jana faili lilikuwa na vipimo vya uongo, nikaandika vya kweli. Tazameni." Akalifungua. "Vipimo vya uongo vimerudi."

"Vimerudi na nani?"

"Peke yao."

Akaandika upya. Akazima, akawasha. Mama mkwe akatokea, mpana vilevile. Akaandika tena, akabonyeza kwa nguvu zaidi, kana kwamba faili lina masikio. Akazima, akawasha. Safari hii tuliona kama mama ameongezeka kidogo, ingawa kwa vipimo hilo haliwezekani.

"Saa tatu na nusu," Fleshi akasema, sauti nyembamba.

"Hebu," Marehemu akasema. Akavaa miwani, akasogea. "Hapa juu kabisa pameandikwa nini?"

"Hapo? Mistari inayoanza na alama ile huwa siisomi, mzee. Hata mashine haiisomi."

"Mashine haiisomi kwa sababu umeandikiwa wewe!" Akasoma polepole, kwa sauti ya mahakamani: "'Usirekebishe faili hili kwa mkono. Huandikwa upya kila mashine inapowashwa, kutoka kwenye mipangilio iliyohifadhiwa.'"

Wembe akaanza upya kucheka.

"Kwa hiyo tangu jana," Fleshi akasema, "umekuwa ukisahihisha nakala?"

"Nimekuwa nikisahihisha vizuri sana," Waya akajibu.

Lakini Marehemu hakucheka. Alikuwa ameitoa kalamu yake nyekundu mfukoni, anaitazama.

"Mara saba," akasema. "Mara saba nimekuwa nikikata neno kwenye karatasi. Karatasi haina kosa. Imeandika ilichoambiwa. Kosa liko kwenye chanzo."

"Baadaye, Marehemu, baadaye," Fleshi akamsihi. "Kwanza nioe."

Waya akatafuta, akaipata ile programu inayouliza maswali na kuhifadhi majibu. Swali la kwanza lilikuja na jibu la zamani tayari: aina ya skrini.

"Inasema unatumia ile skrini ya zamani yenye kisogo."

"Ile nilishaitoa! Wiki iliyopita!"

Tukageuka wote tukatazama nje. Skrini yenye kisogo ilikuwa palepale karibu na benchi, imebeba birika, mvuke ukipanda.

"Maskini," Mama Birika akasema. "Mashine inadhani bado inaongea na meza yangu."

Kazi ikagawanywa. Wembe akaingia chini ya meza kusoma karatasi iliyobandikwa nyuma ya skrini mpya. Akazitaja namba kwa kupaza sauti, sisi tukazirudia kwa pamoja, Waya akaandika. Kila swali, Fleshi alijibu "Ndiyo!" kabla halijaisha. La mwisho liliuliza: nihifadhi majibu haya na kuandika faili upya? Tukaitikia watano kama kwaya.

Akazima. Akawasha. Familia ikasimama wima. Maua yakakonda. Fleshi akamkumbatia Waya, bisibisi ikaanguka.

"Hodi," ikasema sauti ya upole mlangoni.

Mama mkwe na dada yake walisogea mpaka pua ziikaribie skrini. Mama alijitazama kwa muda mrefu. Akarekebisha mkoba begani.

"Huyu ndiye mimi," akasema.

Fleshi akafungua picha inayofuata: binti, na kando yake yeye mwenyewe, ndani ya shati bila ile fulana ya mifuko kumi.

"Na ufito huu ni wa nani?" akauliza dada mtu.

"Ni… ni mimi, mama mkubwa."

"Jana alikuwa na mabega," mama mkwe akasema.

Fleshi akamgeukia Waya kwa kunong'ona ambako kila mtu alikusikia: "Irudishe ya jana."

"Haiwezekani. Umeitikia mwenyewe. Imehifadhiwa."

Mama mkwe akainua kidole. "Usiguse picha, mwanangu. Picha haina kosa. Kosa limetoka jikoni kwako. Kuanzia leo mchana unakula kwangu. Miezi mitatu, kisha tutapiga nyingine." Akashusha kidole. "Siku ya harusi."

Mama Birika alipiga kigelegele kilichofungua madirisha ya ghorofani. Wembe alijitolea kumnyoa bwana harusi bure, kisha akapunguza ahadi ikawa nusu ya kichwa. Katikati ya kelele zile Marehemu alitoka nje, akaiweka kalamu nyekundu juu ya ile skrini ya zamani, kando ya birika, akachukua kofia yake.

"Unakwenda wapi, Marehemu?" nikamuuliza. "Kikombe chako hujamaliza."

"Ofisi ya pensheni. Leo sipiti dirishani. Naulizia chumba kinachohifadhi kumbukumbu."

"Kufanya nini?"

"Kufufuka," akasema, akavuka barabara.