Joho la Mtakatifu Roko

Jumatano, 13 Agosti

Joho limekamilika. Mahameli ya kijani, nyuzi za dhahabu, kola ya kifalme. Fundi amesema hajawahi kushona nguo nzuri hivi kwa ajili ya mtu asiyehema. Nimeichukua kama sifa.

Mpango ni huu. Kwetu mkoani, Malinduyan, joho la kwanza kufika miguuni pa sanamu mkesha wa sikukuu ndilo analovaa Mtakatifu Roko kwenye maandamano. Aliyelileta anatembea mbele kabisa, kando ya mbwa wa mbao wa mtakatifu, na mji mzima unamtazama. Tangu binamu yangu Casimiro afungue duka la vigae, mtu huyo ni yeye. Mwaka huu basi.

Casimiro atatoka Manila keshokutwa kwa barabara kuu, kama watu wote. Mimi nitapita barabara ya zamani ya mlimani, ambayo hakuna anayeitumia siku hizi. Inafupisha safari vibaya sana. Mke wangu Meding ameuliza kwa nini watu waliiacha. Nimemwambia watu ni wavivu.

Alhamisi, 14 Agosti

Casimiro amepiga simu, sauti tamu kama asali. Kwa nini tusifuatane magari mawili, kwa usalama wa Mama? Mjanja huyo! Anataka kunipeleleza. Nikamwambia gari langu bovu, huenda tusiende kabisa. Akasikitika, akaomba basi ampakie Mama kwenye gari lake. Nikasingizia mtandao, nikakata.

Mama alifunga mzigo wake tangu asubuhi. Kaweka samaki wakavu wa kula njiani, rozari, na shela yake nyeusi ya kanisani. Anasema magoti yanamwambia hii huenda ikawa sikukuu yake ya mwisho. Husema hivyo kila mwaka, ila leo alisema kwa sauti ya chini.

Nimejaribu barong yangu mpya. Shati la nyuzi za nanasi, limetariziwa kifua kizima. Mashine zangu za karaoke nimezifungia stoo, wateja watanisubiri. Mtu mashuhuri hakodishi karaoke siku ya sikukuu.

Ijumaa, 15 Agosti

Tumefika. Naandika katika nyumba ya zamani ya Mama. Usingizi hauji. Kahawa nyingi, bila shaka.

Nianze mwanzo. Tuliacha barabara kuu mapema, mvua nyepesi, jua likiwaka humohumo. Mbele kidogo kulikuwa na kichuguu, karibu katikati ya barabara. Mama akataka nisimame, tuwaombe wenyewe, wale wasioonekana wanaokaa humo, watupishe. Kwao ndivyo ilivyo, hupiti kichuguu bila kupiga hodi. Nikasema siwezi kubembeleza lundo la udongo wakati Casimiro yuko njiani. Tairi la kulia likapanda ukingo wake. Mama akapiga ishara ya msalaba.

Baada ya hapo kikatokea kibanda cha kusubiria gari. Ndani watu wamekaa wima, wamevaa nguo za sikukuu, za mtindo wa zamani, wametulia kama wapigwao picha. Nikawapungia. Tukakata kona, tukapanda, tukashuka. Kibanda. Watu walewale. Nikasema vibanda vya mkoani vinafanana. Meding akauliza kama na watu wake wanafanana. Tukakata kona tena. Kibanda.

Nikashuka kuuliza njia. Nilichukua na sanduku la joho, maana sanduku kama lile halikai mbali na mwenyewe. Hapo nikagundua kwamba kibanda hakina paa, na mvua inanyesha, na hakuna hata mmoja aliyelowa. Mzee mmoja akasogea anipishe. Mpole! Akauliza nimebeba nini. Nilifungua, nikamwonyesha kidogo tu. Akauliza nguo ya nani, nikamweleza yote, na Casimiro nikamweleza. Akauliza jina langu. Nikampa kamili, Eleuterio Magsumbol, na la ubatizo. Kuhusu njia akasema niendelee tu kwenda mbele.

Mama aliponiuliza nimezungumza nao nini, nikamwambia. Akafumba macho.

"Umewapa jina lako, Teryo?"

Nikasema jina si siri, limeandikwa kwenye mlango wa gari pamoja na namba ya simu.

Mama akaagiza tugeuze nguo, ndani iwe nje, ndiyo dawa ya kupotezwa. Yeye na Meding wakageuza hukohuko nyuma, wamejifunika shela. Mimi nikakataa. Tarizi ile yote ikae tumboni? Tukaendelea. Simu ikalia mlio wa ujumbe, mahali ambapo hapakuwa na mtandao hata wa dawa. Casimiro. "Hongera ndugu yangu, umetushinda. Mbona umekuja bila Mama? Na mbona uko pekupeku?"

Nilisoma, nikasoma tena. Kibanda kikatokea. Safari hii kilikuwa kitupu.

Hapo ndipo niligeuza barong. Sikuogopa. Nilitaka tu kumridhisha Mama. Kona iliyofuata, tukasikia kengele ya kanisa.

Tuliingia uwanjani, nguo zetu mishono nje, mji mzima ukitutazama. Nilikimbilia kanisani na sanduku kwapani. Mtakatifu Roko alikuwa ameshavaa. Mahameli ya kijani. Nyuzi za dhahabu. Kola ya kifalme.

Bi Saturnina, mtunza sanamu, akanishukuru tena kwa joho. Tena! Akasema nimebadilika sana mwaka huu, nimekuwa na adabu. Eti nilipofika asubuhi nilimwamkia kila mzee, mkono wake hadi kwenye paji langu la uso. Nilikataa samaki wa chumvi, nikala wali mweupe usio na chumvi. Akanitazama usoni kwa muda. "Asubuhi ulikuwa umenyoa vizuri zaidi. Hapa kati ya pua na mdomo palikuwa laini kabisa, bila hata kile kifereji cha kila mtu, kama yai. Na hilo shati, asubuhi pia ulilivaa hivyohivyo, ndani nje."

Nilikwenda nje kufungua sanduku. Ndani, ndani ya karatasi laini za fundi, zimekunjwa kwa uangalifu, kulikuwa na kipande cha mgomba. Kibichi. Kinatoa maji.

Kaa ufikiri, Eleuterio. Joho limefika. Limefika la kwanza. Jina lililoandikwa kanisani ni langu. Ni nani wa kulalamika?

Jumamosi, 16 Agosti. Sikukuu

Nimetembea mbele! Casimiro alinipa mkono, hata hakununa, na hilo liliniharibia kidogo ladha.

Mama asubuhi alinisihi nimwambie padri kwamba joho sikulileta mimi. Alisema kitu kikifanywa kwa jina lako na asiye wewe, anayekifanya huja kudai. Nikamwambia nitasema kesho, sikukuu ikiisha. Akasema yeye hatatembea na mimi, atatembea nyuma na wajane.

Basi maandamano yakaanza jioni, kungali kweupe, mishumaa, bendi, watoto na mabawa ya karatasi. Mimi, mbwa wa mbao, Mtakatifu Roko. Watu walinisalimia kwa upendo ambao sijawahi kuuona. Kinyozi alinishukuru kwa maneno mazuri niliyomwambia jana kuhusu marehemu mkewe. Nikasema karibu. Sikuwahi kujua kama mkewe amekufa.

Karibu na soko nikahisi baridi upande wa kushoto. Yule mzee wa kibandani alikuwa anatembea sambamba na mimi. Mshumaa wake unawaka, moto haupepei, na upepo ulikuwepo. Nilitazama nyuma. Mwishoni mwa mstari, baada ya wajane, walikuwa wale wengine, wamenyooka, nguo zao za zamani. Bendi ilipiga, lakini walipokuwa wao hapakusikika nyayo.

Mzee akauliza kama nafurahi. Nikasema sana. Akasema hata mwakani anaweza kunifanyia hivi, na mwaka wa kufuata. Kitu kidogo tu anaomba. "Kesho mkirudi, nipe kiti kimoja kwenye gari."

Wakati huo huo mpigapicha wa padri akaniita nitazame huku. Nikatazama huku, nikatabasamu, nikaitikia kwa kichwa. Nilimwitikia mpigapicha. Au wote wawili. Kiti kimoja ni nini? Gari lina viti vingi.

Jumapili, 17 Agosti

Hii ya leo naiandika polepole.

Tulikula mapema ili tuondoke. Mama alikaa mezani na shela imemfunika mpaka machoni. Meding alimwekea samaki wakavu, chakula anachokipenda kuliko vyote. Akaisukuma sahani. Akala wali mtupu. Nikafikiri ni hasira zake kwa kuwa sikumwambia padri. Akaingia garini peke yake, bila kushikwa, na yale magoti yake. Nikafurahi. Nikasema hewa ya nyumbani imemponya.

Nilikuwa nimeshawasha gari, Casimiro akajitokeza getini. Shati lake limegeuzwa ndani nje. Mkononi kamshika Mama.

Mama mwenyewe. Miguu yake ina tope mpaka kwenye vifundo, shela hana. Casimiro alikuwa anahema. Akasema amemkuta asubuhi hii pale mji unapoishia, barabara ya zamani inapoanza, amepanga foleni na watu asiowajua, na alipomwita hakugeuka. Ikabidi ageuze shati na kumvuta kwa nguvu. Akaniuliza, bila ukali hata kidogo, nilikuwa wapi wakati Mama anatolewa nyumbani.

Nilitazama kwenye kioo. Kwenye kiti cha nyuma, yule mwenye shela alikuwa amekaa wima.

Meding alishuka garini bila kufunga mlango. Mama akanijia, akanishika uso kwa mikono yake ya baridi. Akauliza kiti chake nimempa nani. Nikamweleza kwamba niliitikia kwa kichwa tu. Akasema basi nenda ukakidai kwa mdomo, mbele ya watu, mwenyewe.

Nilizunguka gari. Nilifungua mlango wa nyuma. Harufu ya mgomba uliokatwa. Nikasema kiti hiki ni cha mama yangu, Basilia Magsumbol, nimekosea kukitoa, nakitaka.

Chini ya shela sauti ikajibu. Ilikuwa sauti yangu, ila ya upole.

"Na ile nafasi ya mbele, unairudisha?"

Nikafikiri.

Haukuwa muda mrefu. Mtu yeyote angefikiri. Nilimkumbuka kinyozi, na watu walivyonitazama. Nilipoinua macho Meding alikuwa ananitazama, na Mama naye, na Casimiro akatazama chini, kama mtu aliyemkuta mwenzake chooni.

Nikasema nairudisha. Chukua.

Shela ikalala. Ikashuka tu, kama kitambaa kilichokosa mtu. Tulipoiinua palikuwa na magogo ya mgomba, yamepangwa kama mtu aliyekaa, na kiti kimelowa chote. Casimiro aliyabeba mwenyewe akayatupa mtoni. Kanisani, Bi Saturnina akaja anakimbia kusema joho la mtakatifu limegeuka majani makavu, yanamwagika sakafuni. Wakamvika la Casimiro. Lilikuwa garini mwake muda wote, hakuwa amelitaja hata mara moja.

Tumerudi kwa barabara kuu, nyuma ya gari la Casimiro. Mama alipanda lake. Meding alisali rozari mpaka Manila.

Jumanne, 19 Agosti

Nyumbani. Mvua. Nimekaa nikatafakari kwa kina juu ya yaliyotokea, na nimeona wazi kosa langu lilikuwa wapi.

Sikujadiliana vizuri.

Yule bwana ana uwezo mkubwa. Katika asubuhi moja alifanya watu wanipende, jambo ambalo mimi limenishinda miaka yote. Mtu wa namna hiyo humfukuzi, unaingia naye ubia. Mwezi ujao mpwa wa Meding anaolewa, na nani kaombwa awe msimamizi wa heshima? Casimiro. Hotuba atatoa yeye. Sasa, mwenzangu yule angenitolea hotuba! Na viti si lazima. Anaweza kupewa kitu kingine. Mashine ya karaoke, kwa mfano. Pale kibandani wamekaa tu, hawana burudani.

Nimemwambia Meding kwamba kesho nakwenda mkoani kumfuatia Mama shela yake nyingine. Aliendelea kukunja nguo. Akauliza napita barabara gani. Nikasema hiyohiyo ya kawaida. Akaniangalia, wala hakukasirika.

"Sawa, Teryo," akasema. "Mkirudi wawili, nitamfungulia yule anayemwamkia Mama."

Meding ana mizaha siku hizi. Nimeshapakia mashine kubwa kabisa na barong nimeinyoosha. Nitaondoka asubuhi na mapema, kabla Casimiro hajapata wazo hili.