Nikabonyeza Endelea

Jumatatu, 10 Juni

Kwaheri kalamu nyekundu! Leo nimepata tovuti ya walimu inayotunga mtihani, inayosahihisha, inayojumlisha, na haidai hata kikombe cha chai. Mwalimu anakaa tu. Umefika wakati. Madaftari ya Sayansi ya Darasa la Sita yamejaa mezani, kwenye kochi, mpaka juu ya friji, na mke wangu ameapa kwamba yakivuka mlango wa jikoni atayatumia kuwashia jiko.

Maswali nimeyachukua humo humo, ya mwalimu fulani nisiyemjua, Mungu ambariki popote alipo. Nikanakili, nikabandika. Tovuti ikaanza kuniuliza hiki na kile kwa maandishi madogo kama chawa. Nikabonyeza Endelea. Ikauliza tena. Endelea. Kazi ya wiki nzima ikaisha kabla chai haijapoa.

Haraka yangu ina sababu. Ijumaa, mbele ya wazazi, Mwalimu Mkuu atamtangaza mkuu mpya wa taaluma. Tumebaki wawili: mimi na Madam Chaki wa Hisabati, ambaye hadi leo anaandika ubaoni kama vile kompyuta haijazaliwa. Atakayekosa atasimamia usafi wa vyoo. Mimi vyoo nimevisimamia tangu nilipooa. Naogopa nitastaafu navyo.

Nimemwambia Mwalimu Mkuu kwamba kila swali nimelitunga na kulikagua mwenyewe. Sijui kwa nini nilisema hivyo. Mdomo ulitangulia.

Jumanne, 11 Juni

Mtihani umefanyika kwenye chumba cha kompyuta, kila mtoto na tableti ya shule. Raha tupu! Hata Sinzia amefanya. Sinzia ni binti wa nyuma, dirishani. Jina hilo nilimpa mimi, maana huingia darasani kama mtu anayepanda kitandani. Amebonyeza-bonyeza, akamaliza wenzake wakiwa swali la tatu, akalaza shavu juu ya tableti.

Kisha matokeo. Nilidhani simu yangu ina homa. Sinzia amepata yote thelathini. Profesa, yule mtoto wa miwani anayenisahihisha mimi tangu Darasa la Nne, amepata saba.

Nimejifungia stoo ya vifaa vya michezo, nikakagua. Kumbe ukishabandika maswali ni lazima uiambie tovuti jibu sahihi ni lipi. Usipoiambia, inachukua lile la juu. Kwa hiyo, kwa mujibu wa mtihani wangu, kazi ya moyo ni kusaga chakula. Mizizi ya mmea ipo ili kupendezesha bustani. Sayari iliyo karibu zaidi na jua ni Mwezi. Na Sinzia alikuwa akibonyeza la juu tu ili awahi kulala.

Si neno, nikasema, nitarekebisha, nani atajua? Hapo ndipo nikaona maandishi ya kijani: matokeo, pamoja na majibu sahihi, yametumwa kwa wazazi wote. Kulikuwa na kisanduku chini, tovuti ilikuwa imekitia tiki yenyewe. Nikakaa juu ya mpira wa kikapu, ukatoa upepo taratibu, nami hivyo hivyo.

Mama yake Profesa ni hakimu.

Jumatano, 12 Juni

Sikupata usingizi. Mke wangu amenishauri niende nikaseme ukweli mapema, mficha maradhi kifo humuumbua. Nikamwambia mimi siumwi. Akasema basi niache kutikisa kitanda, wenzangu wanalala.

Nikaenda. Naapa nilikwenda! Niliingia ofisini kwa Mwalimu Mkuu, na mdomo nilikuwa nimeshaufungua. Akanikumbatia. Baba yake Sinzia, mwoka mikate, alikuwa amefika asubuhi na unga bado kwenye nyusi, akilia. Tangu binti aanze shule hajawahi kupata habari njema kutoka kwetu. Ujumbe wangu amemwonyesha kila mteja. Mwalimu Mkuu akasema hiyo ndiyo faida ya teknolojia, inaibua vipaji vilivyofichika, na tayari amempigia simu Afisa Elimu. Afisa Elimu anakuja Ijumaa! Watoto watafanya mtihani mpya ukumbini, wazazi wakitazama, matokeo ukutani. Halafu akaniuliza kama niliwahi kuona dalili kwa yule binti. Nikasema niliziona zamani.

Niliziona zamani! Ulimi huu ungekuwa wa mbuzi ningeshauchemsha.

Mchana umeingia ujumbe kutoka kwa hakimu. Amesoma kwa makini majibu sahihi ya mtihani wangu. Tutaonana Ijumaa. Hakuna salamu, hakuna alama ya mshangao. Niliusoma nikiwa zamu ya vyoo na kwa mara ya kwanza sikuwa na haraka ya kutoka humo.

Ofisi ya walimu nayo haikaliki. Madam Chaki ameniuliza, sauti asali tupu, kama siku hizi Mwezi ni sayari. Nikajifanya naongea na simu. Simu ikalia kweli, ikiwa sikioni! Nusura nizimie. Alikuwa mke wangu, chumvi imeisha.

Alhamisi, 13 Juni

Mbinu! Mapumziko yote nimemketisha Sinzia maktaba ili nimkaririshe sayansi ya mwaka mzima. Ajabu, alikuwa macho. Aliniamkia vizuri, kisha akasema jambo lililonikata maini. Yeye alibonyeza la juu tu, na sasa baba amewatangazia watu wote, afanyeje?

Akaeleza. Nyumbani kuna mapacha wachanga. Mama bado hajapata nafuu tangu ajifungue, baba huoka usiku kucha, kwa hiyo anayewabembeleza ni yeye. Tangu ujumbe wangu ufike, bibi yake amewahamishia mapacha chumbani kwake, ati kichwa chenye akili kama ile kisisumbuliwe. Kwa mara ya kwanza tangu wazaliwe, Sinzia analala mpaka asubuhi. Anaogopa kwamba ukweli ukijulikana, mapacha watarudi kwake.

Imenichoma. Imenichoma kabisa. Nilisimama niende kwa Mwalimu Mkuu nikayamalize, nikafika mpaka mlangoni. Kisha nikawaza: nikisema ukweli, si ndiyo mapacha watarudi? Kumbe kunyamaza ni huruma! Nikarudi na moyo mweupe. Nikamwambia asimwambie mtu, na kesho abonyeze tena la juu, kila swali, asijisumbue kusoma. Akanitazama kwa macho makubwa ambayo sikujua kama anayo.

Jioni nimepanga mtihani wa kesho, maswali ishirini, kwa mkono wangu. Safari hii kila jibu la juu ni sahihi kweli. Moyo unasukuma damu, mizizi inafyonza maji. Hakimu hatapata pa kushika. Nimekagua mpaka macho yakauma. Mwishoni tovuti ikaniuliza kitu kuhusu mpangilio wa majibu. Endelea.

Ijumaa, 14 Juni

Naandika nimejifunika blanketi gubigubi, tochi ya simu mdomoni.

Ukumbi ulijaa. Afisa Elimu mbele, kando yake hakimu, na faili mapajani. Nilipoliona hilo faili nikapaliwa na mate hadi Madam Chaki akanisogezea maji. Hakimu akasimama. Kwa upole uliotisha kuliko kelele, akasema angependa kujua ni nani aliyeamua kwamba moyo husaga chakula. Nikajibu kwamba elimu inabadilika. Akasema moyo wake yeye haujabadilika.

Mwalimu Mkuu akataka kuniokoa. Akapendekeza mtihani mpya niufanye na mimi, pamoja na watoto, ili wazazi waone kwamba ni wa haki. Nilifurahi! Majibu nimeyaweka mwenyewe, yote juu. Nikabonyeza bila kusoma, kwa madaha, jicho moja kwa hakimu. Nikamaliza wa kwanza. Nikakunja mikono.

Kumbe tovuti ilikuwa imechanganya majibu, kila tableti kivyake, watoto wasiibiane. Kulikuwa na kisanduku. Kilikuwa na tiki.

Ukutani, kwa herufi zinazosomeka kutoka barabarani: Profesa, yote ishirini. Sinzia, kumi na nne. Jina langu, nne. Nilikuwa chini hata ya mtoto ambaye tableti yake ilizimika katikati ya mtihani. Nilitafuta mlango kwa macho, nikaona viti vya wazazi vimeuziba.

Afisa Elimu akamuuliza Sinzia imekuwaje ameshuka kutoka yote hadi kumi na nne. Binti akasimama. Alikuwa anaogopa sawa na mimi, lakini yeye akasema. Jumanne alibonyeza la juu ili alale. Jana Mwalimu alimwambia leo abonyeze la juu tena, ila usiku alikuwa amelala vizuri, akaona maswali yanavutia, akayasoma.

Baba yake akafunika uso kwa kofia. Nikajua ni aibu. Kumbe analia na kucheka pamoja. Akauliza, hizo kumi na nne ni zake kweli? Aliyejibu ni hakimu. Akasema ni zake, tena kihalali. Kutoka viti vya nyuma bibi yake Sinzia akatangaza kwamba mapacha hawarudi ng'o, na asiyependa amfuate yeye.

Wakapiga makofi ukumbi mzima. Hata mimi nilipiga, mpaka nikagundua kwamba watu wameacha na wananitazama.

Jumatatu, 17 Juni

Madam Chaki ndiye mkuu wa taaluma. Amri yake ya kwanza: nisahihishe kwa mkono madaftari ya Sayansi ya madarasa yote mpaka muhula uishe, kwa kalamu nyekundu aliyoninunulia yeye. Vyoo vimebaki vyangu. Na kila Ijumaa hakimu, kwa hiari yake, kwa niaba ya wazazi, atachagua daftari moja bila kuangalia na kulikagua. Moja tu, lolote. Nikikumbuka lile faili, naifunika kalamu kabla sijaandika alama ya kwanza.

Leo Sinzia amenyoosha mkono darasani, amenisahihisha kuhusu sayari ya Zebaki, na Profesa akampigia makofi. Sasa ni wawili!

Madaftari yamevuka mlango wa jikoni. Mke wangu amekaa nayo, kiberiti mkononi, ananingoja nitamke neno moja tu la kweli kwamba nimeanza kuyasahihisha.

Lakini nimepata dawa. Kuna tovuti nyingine, hii si kama ile. Unapiga picha kurasa za daftari, yenyewe inasahihisha, inaandika na maoni kwa mwandiko unaofanana na wako. Hakimu hatajua abadani! Imeniuliza mambo mawili matatu, maandishi madogo. Chini kabisa kuna kisanduku, nashukuru wameshanitilia tiki. Nikabonyeza Endelea.